Jasho la saa nane usiku: kisukari, ukomo wa hedhi na dawa iliyoogopwa

Oktoba 1994 jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha kisa cha Mmarekani wa miaka 28 ambaye alikuwa bado anarefuka. Alikwisha kufika sentimita 204. Magoti yake yalikuwa yamepinda kuingia ndani, mifupa imepungukiwa madini kama ya mzee, na kwa umri wa mifupa alihesabika kijana wa miaka 15. Madaktari walipomchunguza walikuta estrojeni tele katika damu yake, homoni ambayo wengi wetu tumezoea kuiita ya kike ingawa wanaume nao wanayo. Shida ilikuwa kwenye seli: kwa sababu ya kasoro ya jeni, hazikuwa na pokezi la kuipokea homoni hiyo. Alibandikwa plasta za estrojeni ngozini kwa miezi sita, hakuna kilichobadilika.

Katika orodha ya matatizo yake kulikuwa na moja ambalo mtu asingelitarajia kwa mrefu yule mwenye mifupa mibovu. Sukari yake haikutulia ipasavyo baada ya kunywa glukosi ya kipimo, na insulini ilikuwa imejaa damuni. Mwili ulikuwa umekuwa mgumu kuiitikia insulini, jambo ambalo ndilo mlango wa kisukari cha aina ya pili.

Nimeanza na mwanaume makusudi, kwa sababu kisa chake kinaonyesha kitu ambacho kwa wanawake hufichwa na mambo mengine mengi ya umri: estrojeni inafanya kazi kwenye sukari, achilia mbali uzazi. Kwenye ini husaidia kuzuia sukari isitengenezwe kupita kiasi. Kwenye misuli huisaidia insulini kuingiza sukari ndani ya seli. Hupeleka mafuta mapajani na nyongani badala ya kuyarundika tumboni kuzunguka matumbo na ini, mahali ambapo mafuta hufanya fujo kubwa zaidi. Na kwenye kongosho, kama maabara ya Franck Mauvais-Jarvis wa Chuo Kikuu cha Tulane kule New Orleans ilivyoonyesha kwa panya, huzikinga seli zinazotengeneza insulini zisife mapema.

Basi fikiria mwanamke anapofika miaka 50 hivi. Ovari zinapunguza estrojeni, kwanza kwa kuyumbayumba miaka kadhaa, mwezi huu nyingi mwezi ujao haba, halafu zinaacha kabisa. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao SWAN, uliowafuata wanawake wa asili mbalimbali tangu 1996, ulikuta kwamba katika kipindi hicho cha mpito mafuta ya mwili huongezeka kwa kasi zaidi huku misuli ikipungua, hata kama mizani haionyeshi mabadiliko makubwa. Ndiyo maana wengi husema gauni lile lile limeanza kubana kiunoni na hawajala zaidi ya zamani. Kiasi gani cha sukari inayopanda umri huo ni cha ukomo wa hedhi wenyewe na kiasi gani ni cha miaka, ubishi haujaisha. Lililo wazi ni kwamba wanaokoma hedhi mapema, kabla ya miaka 45 na hasa kabla ya 40, hupata kisukari cha aina ya pili zaidi ya wenzao.

Kwa huku kwetu hili si jambo la wachache. Utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika Tanzania mwaka 2012 ulikuta kisukari kwa asilimia 9.1 ya watu wazima wa miaka 25 hadi 64, na kwa kanda yake ya Afrika Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba zaidi ya nusu ya wenye ugonjwa huo hawajui kama wanao. Wanawake wengi wanaambiwa wana kisukari katika umri uleule ambao hedhi inayumba au imekoma. Mambo mawili yanafika nyumba moja wiki moja, na kila moja linapelekwa kwenye dirisha lake.

Soda ya usiku wa manane

Mchukue mama wa mfano, miaka 51, anaishi Dar es Salaam au Tanga au Mombasa, popote penye joto. Anameza metformini asubuhi na jioni, na glibenklamaidi. Hajaona siku zake kwa miezi mitano. Saa nane usiku anaamka, khanga imelowa chapachapa, moyo unamwenda mbio, mikono inamtetemeka. Kliniki wamemfundisha, na wamemfundisha vizuri, kwamba jasho, moyo kwenda mbio na kutetemeka ni sukari kushuka, hivyo anywe kitu kitamu haraka. Anafungua friji, anamaliza chupa ya soda. Chupa ya mililita 300 ina sukari ya karibu gramu 30. Asubuhi mashine ya kupima sukari inasoma 14.

Siku ya kliniki anasemwa kwamba hafuati masharti. Anatikisa kichwa, anakubali, maana ataelezaje? Dawa inaongezwa. Sasa ana sababu ya kweli ya sukari kushuka usiku, juu ya ile ya uongo.

Kinachoudhi ni kwamba mama huyu anaulizwa mengi. Anaulizwa miguu, macho, presha, uzito, amekula nini. Ni nadra kuulizwa, "Mama, siku zako zikoje?" Naye haleti habari hiyo, kwa sababu anaona ni ya kliniki nyingine, au ni siri ya utu uzima, au ni jambo ambalo mama yake na bibi yake walilimeza kimya. Kama mhudumu ni kijana wa kiume wa rika la mwanawe wa mwisho, ndiyo kabisa.

Na kuna kinyume chake, ambacho ni hatari zaidi. Mwenzake amekwisha kusikia redioni habari za kukoma hedhi, amejua kwamba joto la ghafla ni kawaida ya umri. Usiku akiamka na jasho anafungua dirisha, anajipepea, anarudi kulala. Ikiwa usiku ule jasho lilikuwa la sukari kushuka, anaweza asiamke vizuri. Glibenklamaidi hasa hukaa mwilini muda mrefu na kuendelea kuisukuma insulini hata kwa asiyekula. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya dawa muhimu, linaeleza kwamba haifai kwa wenye zaidi ya miaka 60.

Tofauti zipo kwa anayejisikiliza. Joto la ukomo wa hedhi mara nyingi huanzia kifuani, likapanda shingoni na usoni, ngozi ikawa ya moto, likadumu dakika chache, likaondoka lenyewe na kuacha baridi kidogo. Jasho la sukari kushuka ni la baridi, lina njaa ndani yake, lina kutetemeka na mawazo kuvurugika, na halikomi mpaka mtu ale. Lakini tofauti hizi zinasomeka vizuri mchana kwenye gazeti kuliko saa nane usiku gizani. Mwenye kisukari cha miaka mingi huweza kupoteza dalili za sukari kushuka kwa sababu neva zimechoka. Anayetumia dawa za presha kama propranololi au atenololi huenda asisikie moyo ukienda mbio, ingawa jasho litabaki.

Hakimu ni mashine. Chini ya 4 (milimoli kwa lita), sukari imeshuka: nusu glasi ya soda au juisi ya matunda, au vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji, kisha apime tena baada ya dakika 15. Juu ya hapo, afungue dirisha. Stripu za kupimia zina bei, najua, na zipo nyumba ambazo mashine imekaa kabatini miezi haina stripu hata moja. Asiye na kipimo usiku ule achukulie kuwa imeshuka na anywe ile nusu glasi, si chupa nzima. Halafu afanye bidii apime walau usiku kadhaa, aandike saa na namba, apeleke daftari kliniki. Ukurasa mmoja wa namba hizo unamsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa.

Kabla sijaendelea, neno moja ambalo makala za wenzetu wa Ulaya hazina haja ya kulisema. Jasho la usiku katika nchi zetu lina mwenyewe wa siku nyingi, kifua kikuu, na kisukari humwongezea mtu uwezekano wa kukipata mara mbili hadi tatu. Jasho linaloambatana na kikohozi cha wiki mbili, homa za jioni au kukonda lipelekwe kwenye kipimo cha makohozi kabla ya mtu yeyote kutaja homoni.

Kutoka mkojo wa farasi hadi hofu ya 2002

Dawa ya kurudisha estrojeni si mpya. Vidonge vya Premarin viliidhinishwa Marekani mwaka 1942, vikitengenezwa kwa estrojeni iliyochujwa kwenye mkojo wa farasi jike wenye mimba. Mwaka 1966 daktari wa New York aitwaye Robert Wilson aliandika kitabu, *Feminine Forever*, akiutangaza ukomo wa hedhi kuwa maradhi ya upungufu na homoni kuwa njia ya kubaki mwanamke daima. Kiliuzika sana, na vidonge vikauzika pamoja nacho. Kufikia 1975 ikabainika kwamba estrojeni peke yake huongeza saratani ya ukuta wa ndani wa mji wa mimba, ndipo ikaingizwa homoni ya pili, ya kundi la projesteroni, kuukinga mji wa mimba kwa wale ambao bado wanao.

Baadaye ikaja imani kwamba homoni hizi zinalinda moyo, na imani hiyo ndiyo iliyowekwa kwenye mizani ya majaribio makubwa. La kwanza, HERS, lilihusisha wanawake 2,763 waliokwisha kuwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Matokeo ya 1998 hayakuonyesha kinga yoyote. La pili liliitwa Women's Health Initiative, na sehemu yake iliyojaribu estrojeni pamoja na homoni hiyo ya pili ilikuwa na wanawake 16,608 wa miaka 50 hadi 79. Julai 2002 sehemu hiyo ilisimamishwa kabla ya wakati. Kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka, saratani ya matiti iliwapata 38 waliomeza dawa dhidi ya 30 waliomeza vidonge visivyo na dawa; kiharusi 29 dhidi ya 21; damu kuganda na kuziba mapafu 16 dhidi ya 8. Mifupa ya nyonga ilivunjika zaidi kwa wasiotumia, lakini nani alikuwa anasoma mstari huo? Vichwa vya habari vilizunguka dunia. Wanawake walitupa vidonge, madaktari waliacha kuandika, na kizazi kizima cha wanafunzi wa udaktari kilihitimu kikijua neno moja tu juu ya homoni: hatari.

Wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63. Wengi walikuwa wamekoma hedhi zaidi ya miaka kumi nyuma, mishipa yao imekwisha kuanza kukakamaa. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kwamba walioanza dawa chini ya miaka 60, au ndani ya miaka kumi tangu hedhi kukoma, walikuwa na hesabu tofauti, yenye hatari ndogo kuliko ile ya wazee wao. Ilichukua miaka mingi neno hilo kusikika. Novemba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kwamba lile onyo kali linalozungushiwa mstari mweusi kwenye karatasi za dawa hizi litaondolewa kwa sehemu kubwa, likibaki la saratani ya mji wa mimba kwa estrojeni inayotumiwa peke yake. Wapo wanaoona tangazo hilo limeyumba upande wa pili kwa kasi kama lile la 2002. Mimi ni mmoja wao, angalau kwa wanawake wenye kisukari, na nitaeleza sababu.

Namba ambazo hazikuandikwa vichwa vya habari

Ndani ya majaribio yaleyale yaliyotisha dunia mlikuwa na hesabu ya kisukari. Katika HERS, kati ya wanawake ambao hawakuwa na kisukari mwanzoni, asilimia 6.2 ya waliotumia homoni walikipata katika miaka minne hivi, dhidi ya asilimia 9.5 ya wasiotumia. Katika jaribio kubwa la 2002 ilikuwa asilimia 3.5 dhidi ya 4.2. Mwaka 2006 wachambuzi walikusanya majaribio 107 na kukuta kwamba homoni zilipunguza kisukari kipya kwa karibu asilimia 30, na kwa wale waliokwisha kuwa na kisukari, sukari ya kufunga ilishuka na mwili ukawa mwepesi zaidi kuitikia insulini.

Swali la wenye kisukari lenyewe lilipata jibu lililokusanywa vizuri mwaka 2023 katika jarida la Diabetes Care. Majaribio 19 yaliyogawa wanawake kwa kura, jumla 1,412, yalipowekwa pamoja yalionyesha kuwa homoni zilishusha HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, kwa pointi 0.56 za asilimia, na sukari ya kufunga kwa milimoli 1.15 kwa lita. Kwa kulinganisha, metformini hushusha HbA1c kwa pointi moja au zaidi kidogo. Kwa hiyo mwanamke mwenye HbA1c ya 8.4 huenda akafika karibu 7.8 bila kubadilisha kingine. Si muujiza, wala si kitu cha kudharau.

Lile wazo la mtaani, ambalo nimelisikia hata kwa wahudumu wa afya, kwamba "homoni zitakupandisha sukari", halisimami mbele ya namba hizi. Sehemu ya wazo hilo imetoka kwenye vidonge vya zamani vya uzazi wa mpango, ambavyo vilikuwa na dozi kubwa, na sehemu imetoka kwenye steroidi kama prednisoloni, ambazo kweli hupandisha sukari na ambazo nazo ni homoni. Zimepewa jina moja, kazi ni tofauti. Mwongozo wa Uingereza wa NICE umekuwa ukisema tangu 2015 kwamba tiba ya homoni kwa kawaida haivurugi sukari ya mwenye kisukari cha aina ya pili, na kwamba anaweza kufikiriwa kupewa tiba hiyo baada ya kupimwa maradhi yake mengine.

Maneno hayo ya mwisho, "maradhi yake mengine", ndiyo yenye uzito.

Mwanamke mwenye kisukari hafi kwa sukari tu. Anakufa zaidi kwa moyo na kiharusi, na kisukari humnyang'anya ile nafuu ambayo wanawake huwa nayo juu ya wanaume kabla ya uzee. Kwa hiyo dawa inayoshusha sukari kidogo huku ikiongeza kuganda kwa damu inaweza kumlipa kwa mkono wa kulia na kumnyang'anya kwa wa kushoto. Na hapa maumbile yamefanya kejeli. Kidonge cha estrojeni kikimezwa hufyonzwa tumboni na kupita kwenye ini kabla ya kusambaa mwilini. Huko kwenye ini ndiko hupunguza sukari vizuri zaidi. Ule uchambuzi wa 2006 ulikuta vidonge vikiwa na faida kubwa kuliko plasta katika kuitikia insulini. Lakini huko huko kwenye ini ndiko huamsha vitu vinavyogandisha damu na kuongeza mafuta ya trigliseridi, ambayo kwa wengi wenye kisukari yako juu tayari, na yakizidi sana huweza kuvimbisha kongosho. Plasta na jeli huingia kwa ngozi moja kwa moja, hazilazimishi ini, na utafiti wa Ufaransa ulioitwa ESTHER ulionyesha kuwa hazikuambatana na ongezeko la damu kuganda ambalo vidonge vililileta.

Mwaka 2024, katika mkutano wa wataalamu wa kisukari wa Ulaya uliofanyika Madrid, watafiti kutoka Liverpool walileta hesabu ya wanawake wenye kisukari cha aina ya pili waliokuwa wakitumia homoni. Waliomeza vidonge walipata damu kuziba mapafu karibu mara mbili ya wenzao wa plasta, na maradhi ya mishipa ya moyo asilimia 21 zaidi. Hizo ni kumbukumbu za hospitali, si jaribio la kugawa watu kwa kura, hivyo huenda waliopewa vidonge walitofautiana na wenzao kwa mengine. Hata hivyo zinakubaliana na kile tunachokijua juu ya ini.

Ndiyo sababu yangu ya kutofurahia tangazo la FDA bila masharti. Kwa mwanamke mwenye afya wa miaka 51 onyo lile lilikuwa kali mno. Kwa mwenye kisukari, presha ya 160, uzito mkubwa na miaka 63, kuliondoa kunaweza kusomeka kama ruhusa. Wataalamu wa ukomo wa hedhi wa Marekani wenyewe wanakubali, katika tamko lao la 2022, kwamba homoni hupunguza kisukari kipya, na papo hapo wanakumbusha kuwa hazijaidhinishwa kutumika kwa ajili hiyo. Ukimwona mtu anakuuzia homoni kama dawa ya sukari, mkimbie.

Dawa hii ni ya jasho, joto la ghafla na usingizi ulioharibika. Sukari ikishuka kidogo kwa sababu yake, ni nyongeza. Na nyongeza nyingine hupitia kitandani: anayelala usiku mzima huitikia insulini vizuri zaidi, hashindi akitafuta kitu kitamu cha kumwamsha, na jioni ana nguvu ya kutembea.

Kwenye duka la dawa

Mambo ya plasta na jeli yanaandikwa kwa urahisi London. Kwetu si vitu ambavyo mtu atavikuta kwenye dirisha la dawa la kituo cha afya cha kata. Mara nyingi vinatafutwa kwenye maduka makubwa ya mijini, kwa bei ya kujikaza. Hapo ndipo hatari ya kienyeji inapoingia. Mama ameambiwa anahitaji estrojeni, hana plasta, shoga yake anamwambia vidonge vya uzazi wa mpango navyo vina estrojeni, na hivyo vinapatikana kila mahali. Ni kweli vina homoni hiyo, lakini ni ya aina nyingine, yenye nguvu kubwa mara kadhaa kuliko inayohitajika umri huu. Kwa mwenye kisukari na presha aliyevuka 50, ni njia fupi ya kupata kiharusi. Kama kinachopatikana ni vidonge tu, viwe vya homoni ya tiba yenyewe, kwa dozi ndogo, baada ya daktari kuuliza habari za damu kuganda, kiharusi, moyo na matiti, na wapo watakaoambiwa hapana.

Unga wa "kurekebisha homoni" unaotangazwa kwenye magrupu ya WhatsApp sitauzungumzia sana. Lebo yake haisemi kilichomo, na muuzaji yuleyule juzi alikuwa anauza dawa ya kupunguza tumbo.

Ambaye bado ana mji wa mimba asikubali estrojeni bila mwenzake wa kundi la projesteroni, hasa kwa kuwa kisukari na unene navyo huongeza saratani ya mji wa mimba. Projesteroni ya asili haionekani kuigusa sukari sana. Baadhi ya zile za kutengeneza, medroksiprojesteroni ikiwa mojawapo, huweza kupunguza ile faida ya estrojeni. Na damu yoyote inayotoka baada ya mwaka mzima bila hedhi, hata tone, si "siku zimerudi". Ichunguzwe.

Kwa asiyefaa kutumia homoni ziko njia nyingine, na mojawapo huenda imo tayari kwenye mfuko wake wa dawa. Gabapentini, ambayo wenye kisukari wengi hupewa kwa miguu inayowaka na kuchoma usiku, hupunguza pia vipindi vya joto. Inaleta usingizi na kizunguzungu, kwa hiyo inafaa zaidi kumezwa wakati wa kulala, na dozi hupunguzwa kama figo zimechoka. Venlafaksini, dawa ya sonona, nayo husaidia ila presha ifuatiliwe.

Liko pia jambo ambalo wanawake husemezana wenyewe kwa wenyewe na halifiki kwa daktari: ukavu ukeni, maumivu wakati wa tendo la ndoa, mkojo unaochoma mara kwa mara, fangasi wasioisha. Sukari ikiwa juu fangasi hushiba. Estrojeni ikiisha ngozi ya ndani hukonda na kinga yake hupungua. Na dawa mpya za kisukari zinazotoa sukari kwa mkojo, kama dapaglifilozini, huongeza fangasi hao. Mama anatibiwa fangasi mara tano kwa mwaka na mume anaanza kutazamwa vibaya. Krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni kwa dozi ndogo hutibu mahali palepale, kinachoingia kwenye damu ni kidogo mno, na hofu zote za 2002 hazikuwa zake.

Kuhusu muda ambao jasho na joto hudumu, watu hudanganywa kwamba ni mwaka mmoja au miwili. SWAN ilipata wastani wa miaka 7.4, na kwa wanawake weusi wa Marekani miaka 10.1. Hao si wanawake wa Singida wala Kisumu, lakini yeyote anayemwambia mgonjwa "vumilia, yatapita" inafaa ajue anamtaka avumilie muda gani.

Anayeanza homoni huku anatumia insulini au glibenklamaidi anatakiwa apime sukari mara nyingi zaidi katika wiki za mwanzo, kwa sababu dozi iliyomtosha jana inaweza kumzidi. Wenye kisukari cha aina ya kwanza wajihadhari zaidi: tafiti juu yao ni chache mno, na tayari miaka ya hedhi kuyumba huwa imewavuruga, wiki moja insulini haitoshi, wiki inayofuata inawaangusha. HbA1c ipimwe baada ya miezi mitatu, presha na trigliseridi pia. Na siku atakapoacha, hesabu irudiwe upande wa pili. Katika jaribio lile kubwa la Marekani kinga ya kisukari haikuendelea baada ya vidonge kusimamishwa, hivyo dawa ya sukari iliyokuwa imepunguzwa huenda ikahitaji kurudishwa, na ni bora hilo lionekane kwenye mashine wiki ya pili kuliko kwenye mguu mwaka unaofuata.